Siku tano Valencia na shangazi: wali wa mchana, ndago na ukoko

Jumatano

Tumeshuka Valencia saa moja jioni. Treni ya kutoka Madrid haikutimiza hata saa mbili njiani. Shangazi alikaa dirishani akitazama nchi kavu ya kahawia hadi michungwa ilipoanza, akasema, "Hapa sasa pana maji."

Shangazi anauza chakula Ngamiani, Tanga, huu mwaka wa ishirini na tatu. Wali wake ndio ulionisomesha. Alipokuja kunitembelea nilimpangia makumbusho na majumba ya wafalme. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza ni wapi katika nchi hii ya Uhispania wanakolima mpunga. Ndiyo sababu tuko huku.

Nimetenga euro 25 za chakula kwa kila mmoja kwa siku. Euro moja ni karibu shilingi elfu tatu, kwa hiyo kwake hizo ni fedha nyingi mno, nami nimemwahidi kwamba hatutazimaliza.

Leo nusura tuzimalize. Tulitua mizigo tukatoka na njaa, tukakaa kwenye mgahawa wa kwanza tuliouona karibu na kanisa kuu, wenye ubao wa picha za kila rangi za paella, wali wa hapa unaopikwa kwenye kikaango kipana. Ilikuwa saa tatu usiku. Wali ulifika baada ya dakika kumi, wa manjano kama rangi ya ukuta, na kamba wanne juu. Bei ya kwenye ubao kumbe ni ya mtu mmoja, na kikaango hakiagizwi kwa chini ya watu wawili. Mkate tusiouomba nao uliandikwa kwenye bili. Jumla euro 46. Shangazi alionja vijiko vitatu akaweka kijiko chini.

"Wali huu umepashwa, mwanangu. Haukupikwa."

Alisema kweli. Mchele mbichi hauwezi kuiva kwa dakika kumi. Usiku nilimweleza mwenye nyumba tuliyopanga, mama wa makamo anayeishi ghorofa ya chini, naye akashika kichwa: Mvalencia hali paella usiku. Paella ni chakula cha mchana, na ya kweli humsubirisha mtu nusu saa au zaidi. Picha kwenye ubao, wali wa papo hapo, meza zilizojaa usiku: ukiona hayo matatu, pita.

Alhamisi

Asubuhi tumekunywa chai kwa euro 3.20 kila mmoja, na ninaposema chai nina maana ya kahawa na mkate. Mkate umechomwa, juu yake nyanya iliyokunwa, mafuta ya zeituni na chumvi. Kahawa ni ile waiitayo bombón, nusu kahawa nzito na nusu maziwa ya kopo matamu, ndani ya kigilasi, tabaka jeupe chini na jeusi juu. Shangazi ameipenda hata akaagiza ya pili.

Kisha tukaingia Mercado Central. Soko hili lilifunguliwa mwaka 1928, lina ukubwa wa zaidi ya mita za mraba 8,000, chuma na vioo na vigae, na kuba lenye kuangaza kama msikiti. Hufungwa saa tisa mchana, na Jumapili halifunguliwi. Nilikuwa nimepanga nusu saa. Tumekaa saa mbili na nusu.

Shangazi hakutembea sokoni kama mgeni. Alibonyeza bilinganya, akanusa tikiti mahali kitako kilipo, akafunua mashavu ya samaki. Wauzaji wanawake, wanaomwita kila mteja *reina*, yaani malkia, walimwacha aguse, nadhani kwa sababu waliuona mkono unaojua. Kwenye kibanda cha viungo alisimama mbele ya kijichupa cha gramu moja akasema "zafarani", na muuzaji akajibu "*azafrán*", wote wawili wakacheka. Tukaanza kuhesabu: sukari ni *azúcar*, zeituni ni *aceituna*, limau ni *limón*, bilinganya ni *berenjena*. Waislamu walitawala hapa kwa zaidi ya miaka mia tano, hadi mfalme Jaume wa Kwanza alipouteka mji mwaka 1238, na ndio walioeneza mpunga na mifereji ya maji katika bonde hili. Wajukuu wao walifukuzwa mwaka 1609. Maneno yalibaki jikoni.

Saa sita kamili tulikuwa kwenye mlango wa mitume wa kanisa kuu, ambako kila Alhamisi hukaa Baraza la Maji. Ni wakulima wenyewe, wamevaa majoho meusi, wanaamua kesi za maji ya mifereji kwa mdomo, bila wakili. UNESCO imeliweka kwenye orodha yake ya urithi tangu mwaka 2009. Karani aliita mfereji mmoja baada ya mwingine, hakuna aliyekuwa na mashtaka, wakanyanyuka. Dakika chache tu, wala hulipi kitu. Shangazi ana kipande cha shamba la mpunga Mombo, ambako maji ya mfereji huenda kwa zamu, na alitazama nyuso za wale wazee kwa makini kuliko alivyotazama jengo lolote hapa.

Chakula cha mchana tumekila Benimaclet, mtaa wa wanafunzi, unafika kwa metro. Hapa ndipo penye siri ya kula kwa bei nafuu Uhispania nzima: *menú del día*. Ni mlo wa mchana wa siku za kazi kwa bei moja, utaratibu ulioanza kwa amri ya serikali miaka ya 1960. Unachagua chakula cha kwanza, cha pili, kitamutamu au kahawa, na mkate na kinywaji humo humo. Tumelipa euro 14 kila mmoja, tukashiba hadi usiku. Jioni mgahawa ule ule ungetutoza mara mbili. Kaa kati ya saa saba na nusu na saa tisa na nusu. Ukifika saa kumi, jiko limefungwa.

Kwa sisi tusiokula nguruwe kuna kazi kidogo. Kusema "sili nguruwe" hakutoshi, maana kwa wengi hapa *jamón*, paja la nguruwe lililokaushwa, halihesabiwi kuwa nyama, ni kama kiungo. Dengu zina soseji ndani, supu imechemshwa na mfupa wa paja, wali wa tanuri uitwao *arroz al horno* una mbavu na soseji ya damu. Uliza chakula kimoja kimoja. Jihadhari pia na kinachoitwa Agua de Valencia. Jina linasema maji, ndani kuna mvinyo, vodka na jini pamoja na maji ya machungwa. Maji ya kunywa omba ya bomba: sheria ya mwaka 2022 inataka mgahawa ukupe bure ukiyaomba. Yana chokaa, ila hayana neno.

Alhamisi ni siku ya paella kwenye menyu, yenye kuku na sungura. Kwetu haifai, hawakuchinjwa tunavyotaka. Tulikula *esgarraet*, pilipili hoho nyekundu zilizochomwa zikachanwa kwa vidole na kuchanganywa na ng'onda wa samaki, vitunguu saumu na mafuta ya zeituni, halafu samaki wa kuchoma. Vizuri sana vyote. Lakini kikaango kilipopita mbele yetu kwenda meza ya pili, kipana kama sinia, wali umelala mwembamba usiozidi kimo cha kidole kimoja, Shangazi aliufuata kwa macho. Ulikuwa na harufu ya moshi na majani. Watu wanne waliuzunguka, kila mmoja na kijiko chake cha mti na upande wake, hakuna sahani.

"Kama sinia la maulidi," alisema kwa sauti ya chini.

Usiku mwenye nyumba aliuliza tumekula nini. Nilipomweleza, alinyamaza kidogo, kisha akasema: Jumapili. Tafuteni kuku wenu, kikaango ninacho.

Ijumaa

Metro imetufikisha Alboraia, mji mdogo uliogusana na Valencia upande wa kaskazini. Tumekuja kwa ajili ya *horchata*, kinywaji cheupe cha baridi kinachotokana na *chufa*. Nilimwambia Shangazi kwamba chufa ni njugu, kwa kuwa ndivyo nilivyokuwa nikisikia ikisemwa.

Tulipita kando ya mashamba kwanza. Udongo mwepesi, matuta yamenyooka, na juu yake nyasi nyembamba za kijani zimesimama kama zimechanwa kwa kitana. Shangazi akasimama. Akainama, akashika jani moja bila kuling'oa, akalipitisha kati ya kidole gumba na cha shahada hadi ncha.

"Hii ni ndago."

Nikamwambia haiwezekani.

"Mimi nimeng'oa ndago tangu nina miaka sita. Hii ni ndago."

Nikatafuta kwenye simu. Chufa si njugu kabisa, ni kiazi kidogo cha mmea wa jamii moja na ndago ya kwetu, ile inayotutoa jasho kwenye mahindi. Ya hapa ni ndugu yake anayelimwa: hupandwa majira ya kuchipua, nyasi hukauka, na viazi huchimbwa kuanzia Novemba. Huoshwa, hukaushwa polepole kwa miezi, kisha huloekwa, husagwa na maji na kukamuliwa, ikatiwa sukari. Ni kama tunavyokamua tui.

Kwenye duka la horchata tumelipa euro 3.50 kwa gilasi kubwa na euro 1.20 kwa *fartó*, mkate mrefu laini uliopakwa sukari, wa kuchovya. Ladha yake? Ina utamu wa lozi, unga unga kidogo ulimini, na mwishoni harufu ya udongo baada ya mvua. Haina maziwa wala kileo. Chagua duka linalotengeneza yenyewe, maana ya chupa ya dukani imechemshwa na ladha yake imekwisha. Shangazi alikunywa nusu, akatulia, akamaliza. Kisha akauliza kilo ya ndago kavu ni bei gani, na tumeondoka na kilo moja mkobani.

Mchana tulirudi mjini kwa swala. Jioni hatukutaka kukaa mgahawani. Tulinunua *empanadillas* kwenye tanuri la mkate, hapa wanaliita *forn*: zimefanana na sambusa za nusu mwezi, ndani nyanya, jodari na yai la kuchemsha, euro 1.80 moja. Sita zilitutosha, pamoja na zabibu na komamanga la sokoni. Chakula cha jioni cha watu wawili hakikufika euro 15.

Tulikula tukiwa kwenye bustani ya Turia. Ni mto uliokauka. Mafuriko ya Oktoba 1957 yaliua watu mjini, serikali ikauchimbia mto njia mpya kusini, na mkondo wa zamani ukageuzwa bustani, kilomita nyingi za miti na viwanja vya mpira kupita chini ya madaraja ya mawe. Watoto wanacheza pale palipokuwa na maji. Tarehe 29 Oktoba 2024 mvua kubwa ilirudi, na mkondo ule mpya uliukinga mji, lakini miji midogo ya kusini yake ilizama. Watu zaidi ya 220 walikufa mkoani. Mwenye nyumba alinionyesha dirishani upande wa Paiporta, mmoja wa miji hiyo, hakusema zaidi, nami sikuuliza.

Jumamosi

Leo tumejua kwa nini maduka ya chakula hujaa saa nne asubuhi. Wavalencia wana mlo wao wa katikati ya asubuhi, *esmorzaret*, na wanauheshimu kuliko chakula cha jioni. Mezani huja kwanza karanga za maganda na zeituni, bila kuulizwa na bila bei ya pembeni, kisha mkate mrefu kama mkono umejazwa, kinywaji, na kahawa. Tulichagua wa ngisi na *alioli*, mchuzi mzito wa saumu na mafuta, na wa kimanda cha viazi. Euro 8 kila mmoja, na nusu ya mkate wangu nimeubeba. Kahawa ya mwisho ukiambiwa *cremaet*, ujue ina ramu iliyowashwa moto. Tuliomba ya kawaida.

Sokoni tena, mara hii kununua. Maharage mabichi yenye maganda mapana, nyanya, na *garrofó*, maharage makubwa bapa meupe. Shangazi aliyamenya mawili papo hapo: "Fiwi." Nikathibitisha, ni fiwi kweli. Mchele wa aina iitwayo *bomba* kilo moja, na zafarani gramu moja, euro 6, kitu ghali kuliko vyote mkobani.

Kisha basi namba 24 hadi El Palmar, kijiji kilicho ndani ya mpunga, kando ya ziwa Albufera. Jina hilo nalo Kiarabu, bahari ndogo. Ni mwisho wa Septemba, mashine zilikuwa zikivuna. Migahawa ya pale ilitaka euro 20 na zaidi kwa wali wa mtu mmoja, ikatushinda. Tuliagiza sahani moja tu ya *all i pebre*, mchuzi mwekundu wa saumu, viazi na mkunga wa ziwani, tukaichovya kwa mkate tuliobeba asubuhi. Saa iliyobaki tulisimama kwenye tuta. Shangazi aliokota punje zilizodondoka barabarani, akazipukucha kwa kucha, akazitia mdomoni mbichi. "Fupi," alisema. "Itanywa mchuzi mwingi."

Kurudi tulipitia Russafa kwa mchinjaji halali, Mmorocco. Mtaa huu unaitwa kwa jina la bustani aliyoijenga mwana wa mtawala wa Cordoba, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, na leo tena kuna maduka ya Waislamu. Kuku mzima aliyekatwakatwa, euro 7.

Jumapili

Mwenye nyumba alipanda saa tano asubuhi na kikaango mkononi, chuma chembamba chenye masikio mawili, cha kutosha watu wanne. Kikaango chenyewe ndicho kinachoitwa paella, na chakula kimechukua jina la chombo.

Nitaandika walivyopika, maana sitaki kusahau.

Mafuta ya zeituni na chumvi. Kuku akaangwe polepole hadi awe kahawia pande zote, na hilo pekee lilichukua nusu saa. Shangazi alitaka kuharakisha, mama akamshika kiganja. Maharage ya maganda, halafu katikati nyanya iliyokunwa, hadi ikauke na kuwa nyeusi kidogo. Kijiko kidogo cha unga wa pilipili tamu, sekunde chache tu, maana ikiungua inatia uchungu. Maji hadi karibu na ukingo. Fiwi, zafarani. Ichemke nusu saa. Sungura hakuwepo, mama akasema kuku peke yake hajaharibu kitu. Vitunguu hakuna. Shangazi aliuliza mara mbili, na jibu likawa hapana: kitunguu hulainisha wali.

Kisha mchele, gramu 400 kwa watu wanne, ukatandazwa. Na kuanzia hapo, usikoroge. Kwetu wali hufunikwa na kupaliwa makaa juu. Hapa haufunikwi, haupaliwi, haukorogwi. Moto mkali dakika nane, halafu mdogo dakika kumi. Meko la nyumbani ni dogo kuliko kikaango, kwa hiyo Shangazi alikizungusha kidogo kidogo kwa masikio, kitambaa mkononi. Kijiti kimoja cha *romero*, majani yenye harufu ya dawa, kikawekwa juu na kuondolewa. Maji yalipoisha mama akaongeza moto, akainamisha kichwa hadi sikio likakaribia wali. Shangazi naye akainamisha kwa upande wa pili. Vichwa viwili, kimoja cha mvi na kimoja cha kilemba, juu ya kikaango kimoja, wakisikiliza. Ukaanza kulia, tss, tss, taratibu, kama mvua kwenye makuti.

"*Socarrat*," mama akasema.

"Ukoko," Shangazi akasema, na mimi sikuwa na haja ya kutafsiri.

Dakika moja, moto ukazimwa. Tukasubiri dakika tano, tukala saa nane, watatu, kila mmoja na upande wake. Punje zimeachana, kila moja imebeba mchuzi wa kuku na zafarani. Fiwi zimekuwa kama siagi. Nilihesabu gharama baadaye: pamoja na zafarani na mafuta, karibu euro 23 kwa wote, na sehemu ya mtu wa nne ikabaki kwa ajili ya njiani. Jumatano tulilipa mara mbili ya hizo kwa wali uliopashwa.

Mwisho mama alikwangua ukoko kwa kijiko cha mti, ukatoka kipande kirefu cheusi pembeni na cha dhahabu katikati, akampa Shangazi. Shangazi akakivunja, nusu akamrudishia.

"Mwambie Tanga hugombaniwa na watoto," aliniambia.

Nikamwambia. Mama akajibu kwamba kwao pia, na walikuwa saba.

Treni yetu ni ya saa mbili usiku. Kikaango kimo kwenye kanga, miguuni pa Shangazi. Mama alikataa katakata kukirudisha nyumbani kwake. Chini ya kanga kuna kilo moja ya ndago, na Shangazi ameniuliza mara tatu kama wale wa uwanja wa ndege watairuhusu.